Pesa Zetu Hawazitaki

Nina duka dogo la kuchapa, kutoa kopi na kupiga picha za vitambulisho. Ukuta wa mbao unanitenganisha na banda la fundi funguo, na kwa miaka kumi na mmoja nimemsikia akichonga funguo upande wa pili kutwa nzima, hata siku asipokuja naona kama nimeziba masikio. Namwita shemeji, naye ananiita hivyo hivyo. Hatuna undugu wa damu. Mke wake ndiye aliyenipokea nilipohamia mtaa huu bila kujua pa kupanga chumba. Tangu siku hiyo nikamwita dada, na mume wa dada ni shemeji.

Huyo dada wengi walimjua kwa jina la Mama Mnada. Kwa zaidi ya miaka ishirini alinadi mali kwenye jumba la minada: makochi, majokofu, vitanda, vyombo vya maofisi yaliyofungwa. Hakuhitaji kipaza sauti. Alikuwa na namna yake ya kukata maneno, akipandisha bei kidogo kidogo, halafu ananyamaza ghafla ukumbi mzima nao unyamaze, ndipo nyundo ishuke. Watu walinunua vitu wasivyokuwa na haja navyo kwa sababu tu ya kumsikiliza. Mimi mwenyewe nilirudi siku moja na kabati lisilopita mlangoni.

Kisha akaugua saratani ya koo. Madaktari wakaondoa kisanduku chote cha sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Alikaa miezi mitano akiandika kwenye daftari, mpaka mtaalamu wa matamshi pale hospitali akampa kifaa kinachofanana na tochi ndogo. Unakiegemeza chini ya taya, kinatetema, na ukichezesha mdomo maneno yanatoka. Yanatoka na mvumo, kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Mara ya kwanza alipokitumia mbele yangu alisema, "Haya, sasa nimekuwa redio mbovu," akacheka kile kicheko chake kipya kisichosikika, mabega tu yakipanda na kushuka.

Kazi kubwa ya kifaa kile ilikuwa siku ya Jumapili. Kila Jumapili mchana dada aliongea kwa simu na kaka yake. Kaka alimzidi miaka tisa na ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Alikuwa fundi saa, lakini presha ya macho ilimpofusha, naye sasa alikuwa akiishi kwa binti yake, safari ya siku mbili kwa basi kutoka kwetu, na nusu ya barabara ni vumbi tupu. Dada hakuweza kusafiri njia ile. Vumbi likimwingia kwenye tundu alikuwa anakohoa mpaka damu. Kaka naye hakuweza kuja, moyo ulikuwa umechoka na miguu imevimba. Kwa hiyo ilibaki simu. Kaka hawezi kusoma, dada hawezi kusema bila kifaa. Lakini kifaa kikiwepo mambo yalikwenda. "Hata ukiongea ndani ya kopo najua ni wewe," kaka alikuwa akimwambia. "Bado unaninadi tu."

Kifaa kilianguka siku ya Jumanne, jikoni, kwenye sakafu ya saruji. Dada alikuwa ameshika sufuria kwa mkono mmoja, na alitaka kumwambia mumewe achote maji. Shemeji ni mtu wa vidole vyepesi, kufuli lolote atalifungua, basi akakifungua kwa bisibisi ya saa na kukuta kile kisahani kinachotetema kimepasuka katikati. Alijaribu gundi. Alijaribu kukata kingine kutoka bati la kopo. Kilitoa mlio kama wa mbu na kikanyamaza.

Pale hospitali mtaalamu wa matamshi aliwaambia ukweli. "Vile vilikuwa vya msaada. Vilikuja sita tu, vimekwisha. Agizeni wenyewe." Akawaandikia anwani ya tovuti kwenye kikaratasi.

Shemeji akaja kwangu na kikaratasi hicho, na bahasha.

"Shemeji, niagizie hiki," alisema. "Pesa hizi hapa, zihesabu."

Sikuzihesabu. Bei ilikuwa kubwa, karibu kodi ya duka langu ya miezi mitano, lakini walikuwa nayo. Dada alipoacha kazi jumba la minada lilimlipa kiinua mgongo na walikuwa hawajakigusa. Nikafungua tovuti. Kifaa kilekile kilikuwepo, picha yake na kila kitu. Nikajaza jina, mtaa, namba ya simu. Nikafika kwenye ukurasa wa malipo.

Ukurasa ule haukuwa wa wauzaji. Ulikuwa wa kampuni nyingine inayowapokelea malipo, na ulitaka kadi ya benki tu. Haukuwa na pesa za simu, wala namba ya akaunti ya kuingizia pesa kwa njia ya benki, wala wakala wa kumpelekea taslimu. Shemeji alikuwa na kadi ya chama chake cha akiba, ile anayotolea pesa mashineni. Nikaingiza namba zake. "Kadi hii haikubaliki," maandishi mekundu yakasema.

"Jaribu tena, pengine umekosea namba."

Nikajaribu tena. Haikubaliki.

"Wanasema kwa nini?"

"Hawasemi."

Aliiangalia bahasha yake, akaniangalia mimi. "Lakini pesa ninazo," alisema, kama mtu anayenieleza jambo ambalo labda sikulielewa.

Akaenda benki kufungua akaunti. Walimwambia asubiri kadi siku kumi za kazi, zikawa kumi na nne. Jumapili mbili zikapita hapo. Dada aliandika kwenye daftari, shemeji akamsomea kaka kwa simu. Kaka alikuwa mvumilivu. "Soma polepole, shemeji," alisema. "Wewe unasoma kama unafukuzwa." Tulicheka, na dada naye mabega yakapanda.

Kadi ilipofika ilikuwa inang'aa, na shemeji aliishika kwa ncha za vidole kama picha ambayo haijakauka. Safari hii kadi ilikubaliwa, lakini kampuni ikataka kwanza afungue akaunti kwao na kuthibitisha yeye ni nani. Nikampiga picha ameshika kitambulisho chini ya kidevu, kama mfungwa. Baada ya saa mbili wakajibu: majina hayalingani. Kitambulisho kilikuwa na majina matatu, lake, la baba na la babu. Benki ilikuwa imechapa mawili kwenye kadi kwa sababu nafasi haikutosha. Nikatuma barua ya benki yenye majina yote matatu. Wakasema hawapokei barua. Nikatuma tena picha, tukiwa tumefuta kioo cha kamera na kuwasha taa zote mbili. Asubuhi yake tukakuta akaunti imefungwa. "Kwa usalama wako," ndivyo walivyoandika.

"Usalama wangu?" shemeji aliuliza. "Wananilinda na nani?"

Niliwaandikia wauzaji wenyewe. Mama mmoja wa huko akajibu vizuri sana, unaona kabisa ni mtu mwenye huruma. Alisema wanasikitika, kifaa wanacho rafuni, wangependa kutuuzia, ila hawaruhusiwi kupokea malipo kwa njia nyingine yoyote, na kampuni ya malipo ndiyo inayoamua nani anaweza kulipa. Nikamwandikia mara ya pili, nikamweleza habari za kaka. Akajibu kwamba amelia. Kifaa kikabaki rafuni.

Jumapili ya nne ndipo mambo yalipoharibika. Tulikuwa wote watatu sebuleni kwao, simu imewekwa mezani spika ikiwa imewashwa, na shemeji alikuwa amemaliza kusoma ukurasa mzima.

"Shemeji," kaka alisema hatimaye. "Mimi ni mtu mzima. Niambie tu."

"Nikuambie nini, kaka?"

"Mdogo wangu alikufa lini?"

Dada aliruka kama aliyemwagiwa maji. Alichukua simu, akaigonga kwa kucha, tap tap tap. Akapuliza. Pumzi yake haipiti mdomoni tena, kwa hiyo hata kupuliza hakukuwa kupuliza.

"Yupo hapa, kaka," shemeji alisema. "Ndiye anayegonga."

"Yeyote anaweza kugonga. Mnanificha kwa sababu ya moyo wangu. Nawaelewa. Hata mimi ningefanya hivyo."

Dada akaandika haraka mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Shemeji akasoma: "Kaka, wewe ulinifunga nywele na uzi wa saa siku yangu ya kwanza ya shule, na mwalimu akaukata." Kaka akasema kwa upole, "Hayo alikuhadithia mkeo, shemeji. Alikuwa anapenda kuhadithia."

Alikuwa. Nilimwona dada akilisikia neno lile.

Binti wa kaka alifanya alichoweza. Siku ya pili alipiga simu ya video, akamwona shangazi yake kwa macho yake, wakapungiana mikono, wote wawili wanalia. Akamgeukia baba yake. "Baba, nimemwona. Amevaa kitenge cha kijani. Yuko mzima."

"Sawa, mwanangu," kaka alimjibu, akimpapasa mkono. Baadaye binti aliniambia kwamba hilo ndilo lililomvunja moyo, ile sawa. Baba yake hakuwa anabishana tena. Alikuwa amewasamehe kwa kumdanganya.

Nami nikaja na maarifa yangu, na bora nisingekuja nayo. Nilisikia kuna programu ya simu inayosoma maandishi kwa sauti, nikaipakua bure. Dada akaandika, tukampigia kaka, nikabonyeza. Ikatoka sauti laini ya mwanamke, iliyonyooka, inayosoma "kaka yangu mpenzi" kama inavyosoma namba za foleni. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mwanamke ni nani?" aliuliza. "Mmemtafuta wapi?"

Nilizima simu. Dada hakunilaumu. Alinishika bega, akaenda chumbani akafunga mlango.

Tukabaki na mpwa wao, mtoto wa mdogo wake dada, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, mtunza stoo kwenye kiwanda cha rangi. Yeye alikuwa na kadi ya benki kubwa na alishawahi kununua simu kwenye mtandao. Alikuja dukani kwangu baada ya kazi, vidole vina madoa ya bluu, akasema, "Mama mkubwa asihangaike, hili ni jambo la dakika mbili." Shemeji akamkabidhi bahasha.

Na kweli ilikuwa dakika mbili. Namba, jina, msimbo ukaja kwenye simu yake, akauingiza, na ukurasa ukageuka kijani: malipo yamepokelewa. Simu yake ikalia, benki imekata pesa. Sisi watatu tulipeana mikono pale pale mbele ya mashine ya kopi kama watu waliomaliza kupandisha piano ghorofani. Shemeji alikimbia nyumbani bila kufunga banda, na mimi ndiye niliyemshushia shata. Jioni hiyo dada alimwandikia kaka maneno matano ya kusomewa: "Jumapili hii au ijayo, nitaongea."

Siku ya tatu ikaja barua pepe ya ile kampuni ya malipo. Malipo yamesimamishwa kwa uchunguzi, maana mwenye kadi si yule anayetumiwa mzigo. Pesa haziko kwetu, haziko kwa wauzaji, ziko kwao. Walitaka kitambulisho cha mpwa, tukatuma. Walitaka bili ya umeme au maji yenye jina lake na anwani yake. Mpwa ni mpangaji. Mita ni ya mwenye nyumba. Tukatuma mkataba wa kupanga. Wakasema mkataba si bili. Mpwa akaenda kumwomba mwenye nyumba abadilishe jina kwenye mita, na yule mzee akadhani anataka kumnyang'anya nyumba, wakaacha kusalimiana.

Kwenye tovuti yao kulikuwa na mahali pa kuzungumza nao kwa maandishi. Kila mchana nilikaa hapo. Kila mara alinijibu mtu mwingine mwenye jina la kwanza tu, na kila mara nilianza upya.

"Tunaelewa jinsi jambo hili lilivyo muhimu kwako," mmoja aliandika.

Nikamwandikia: "Kuna mtu mgonjwa wa moyo anayeamini dada yake amekufa. Rudisheni pesa au zipitisheni, moja kati ya hayo, leo."

"Uchunguzi huchukua mpaka siku ishirini na moja za kazi. Je, kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ina unga wa shaba. "Mwambie niende ofisini kwao," alisema. "Niko tayari kwenda. Nitalala mlangoni."

Nikauliza ofisi iko wapi. Walinitumia ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara.

Jumapili ile ikapita bila dada kuongea, na iliyofuata pia. Shemeji alipopiga, kaka aliuliza hali ya banda, bei ya shaba, akamshukuru kwa kumtunza mdogo wake muda wote wa ugonjwa. Alimshukuru kama unavyomshukuru mjane. Shemeji hakujua afanye nini, akasema asante. Dada alikuwa amekaa pembeni yake, magoti yanagusana, anasikia yote.

Kaka alifariki siku ya Alhamisi, uchunguzi ukiwa umebakiza siku sita. Alikuwa amekunywa chai, akamwomba binti yake amsogeze kitini karibu na dirisha apate joto la jua, na binti aliporudi kuchukua kikombe akakuta amekwisha kwenda. Binti alipiga kwenye simu yangu kwa sababu hakuthubutu kupiga kwa shangazi yake.

"Asubuhi alikuwa na furaha," aliniambia. "Alisema hana wasiwasi, anakwenda kumwona mdogo wake."

Aliniomba nisimwambie dada maneno hayo. Nilimwahidi. Lakini dada aliniuliza kwa kuandika, "Alisema nini?" na akanikazia macho yale aliyokuwa akiwakazia watu wanaotaja bei bila pesa mfukoni, nami nikamwambia.

Watu walijaa nyumbani kwa dada siku tatu. Wengi wana tabia ya kuongea naye kwa sauti ya juu, kana kwamba aliyepoteza sauti amepoteza na masikio. Alikaa kwenye mkeka, anawapa mkono. Alikuwa analia muda wote ule, mimi nilikuwa karibu yake na niliona, lakini kilio chake hakina mlio wowote. Ni kifua kinachopanda na kushuka na ule upepo mdogo unaotoka shingoni, nao ulizibwa na kitambaa. Mama mmoja aliyewahi kufanya naye kazi aliniinamia sikioni akasema, "Jamani amejikaza sana. Hajatoa hata sauti."

Uchunguzi ulikwisha katika siku waliyosema, hawakuchelewa hata kidogo. Malipo yalikataliwa. Sababu haikutajwa. Pesa zitarudi kwenye kadi ya mpwa katika siku saba mpaka kumi na nne, zikikatwa gharama za kubadilisha fedha. Nilichapa ile barua pepe, sijui kwa nini, labda kwa mazoea, nikawapelekea nyumbani Jumapili mchana.

Walikuwa barazani. Shemeji aliisoma, akaikunja mara nne.

"Zikirudi nitajaribu tena," alisema. "Nimesikia kuna wakala mjini anaagizia watu vitu. Anataka asilimia kumi na tano. Nitampa. Hata akitaka ishirini." Alikuwa anaongea na mimi, lakini alikuwa anamtazama mkewe. "Kitachukua miezi miwili, mitatu. Si kitu."

Dada alivuta daftari. Aliandika maneno machache, akaligeuza tulione wote. Aliandika: "Acha. Nitampigia nani?"

Shemeji aliyasoma. Aliyasoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe.

"Na mimi je?" aliuliza.

Nilitamani kuondoka lakini nilikuwa nimekaa katikati yao. Dada alishika kalamu, akaiweka kwenye karatasi, na kalamu haikwenda. Mumewe alisubiri. Kulikuwa na upepo umeanza, na wingu lilikuwa limetanda upande wa barabara kuu. Baada ya muda dada akafunga daftari, akainuka, akaenda uani kuanua nguo kabla ya mvua.

Shemeji alibaki pale na ile karatasi mkononi. Nami nikainuka nikamfuata dada, maana shuka zilikuwa nyingi na alikuwa anazitoa kwa mkono mmoja, huku wa pili akiziba shingo isiingie vumbi.